Hodi Mbili: Ruhusa ya Picha Kando ya Ziwa Tanganyika

Yule mama aliingia karakanani kwangu bila kupiga hodi. Ilikuwa mchana wa kiangazi, nami nimeinama napaka gundi ya muhogo nyuma ya kipande cha kitenge. Akanipita kama sipo, akaenda hadi ukutani, akaweka kidole juu ya mwanamke mmoja katika kazi yangu, akasema: "Huyu njo mama yangu. Nani alikupatia ruhusa?"

Mimi ni fundi wa picha za kubandika. Nakusanya kadi-posta za zamani, tiketi za treni, kurasa za madaftari ya bandari, vitambaa, na picha za studio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Vyote navibandika juu ya mbao za makasha, kisha napaka rangi. Waliosoma shule za sanaa wanaita kazi hii kolaji. Hapa Kalemie watoto wananiita Papa Gundi, na jina limekaa.

Picha ya mama yake niliipata ndani ya gunia. Fundi mmoja wa studio alifariki, wanawe wakauza karatasi zake kwa kilo kwa wauza karanga, nami nikawahi gunia moja kabla karatasi zake hazijafungia karanga. Nilirudi nyumbani nikijiona tajiri wa picha. Kumbe nilichonunua ni karatasi tu.

"Na huyu mwanaume pembeni yake ni nani?" akauliza. Nilikuwa nimemkata karani wa reli kutoka picha nyingine, amevaa kofia na vifungo vinang'aa, nikamsimamisha karibu na mama yule kwa sababu rangi zao zilipatana. "Baba yetu alikuwa mvuvi. Mama hakusimama na huyu hata siku moja." Vijana wawili waliokuwa wanasubiri fremu zao walicheka. Yeye hakucheka, na mimi sikuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali lake kwa kurudi nyuma: kando ya ziwa hili, nani amewahi kumwomba nani ruhusa ya picha? Niliyoyapata yananihukumu mimi kwanza, lakini hayanihukumu peke yangu.

Sheria isiyopanda meli

Ukishuka kusini kwa boti kutoka Kalemie unafika Mpala. Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo hapo mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimshambulia chifu Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa. Storms alirudi Ubelgiji na fuvu, na pia na sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga, ambayo leo imo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Sanamu ya Storms mwenyewe, iliyosimama miaka mingi katika bustani moja ya Brussels, iliondolewa mwaka 2020.

Sanamu ile ya Lusinga imepigwa picha mara nyingi na kuchapwa vitabuni. Chini ya picha za namna hiyo utakuta kwa kawaida jina la makumbusho na jina la mpiga picha. Mchongaji hana jina. Kwa sheria hakuna kosa hapo: mchongaji amekufa zamani, na aliyepiga picha juzi ana haki juu ya picha yake. Ndivyo hakimiliki inavyoweza kuota juu ya kitu kilichonyang'anywa, ikachanua vizuri, na shina lisiulizwe.

Usidhani Wabelgiji hawakujua ruhusa ni nini. Tarehe 22 Machi 1886, mwaka mmoja tu baada ya Leopold II kutangaziwa Kongo kuwa dola yake, bunge lao lilipitisha sheria ya haki za watunzi. Sheria hiyo ilimlinda mtunzi, na ndani yake iliwekwa kanuni ya sura ya mtu: mchoraji au mwenye picha ya mtu haruhusiwi kuitoa nakala wala kuionyesha hadharani bila ridhaa ya mwenye sura, au ya warithi wake kwa muda wa miaka 20 tangu kifo chake. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama. Swali lake lilikuwa limeandikwa Brussels karibu karne moja na nusu kabla hajaniuliza. Mwaka ule ule wa 1886, mwezi Septemba, mataifa yalitia saini mkataba wa Berne wa kulinda kazi za watunzi, na Ubelgiji ilikuwemo.

Lakini sheria ile haikupanda meli pale Antwerp. Kamera ilipanda.

Mwaka 1898 ulifika mwambao huu msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire. Ulitua Moliro, pembe ya kusini-magharibi ya ziwa, ukaelekea Katanga. Ndani yake walikuwemo mchoraji, Léon Dardenne, na mpiga picha, François Michel. Dardenne alipaka kwa rangi za maji milima, mito, ndege na samaki. Michel alipiga picha za watu, wengine wamesimamishwa uso mbele kisha ubavu, kama mtu anayepima mbuzi sokoni. Wengi wa waliopigwa hawakuandikwa hata jina.

Baadaye zikaja kadi-posta. Mpolandi Casimir Zagourski, aliyekuwa na studio Léopoldville, alizunguka Afrika ya kati na kuuza mfululizo wa kadi za watu na ngoma ambazo hadi leo zinauzwa kwa bei kubwa Ulaya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, idara ya habari ya serikali ya koloni, Congopresse, ilituma wapiga picha nchi nzima. Ukigeuza picha zao unakuta muhuri wenye jina la mpiga picha na jina la idara. Mkongo wa kwanza kuajiriwa humo kama mpiga picha, Joseph Makula, aliingia mwaka 1956, miaka minne kabla ya uhuru. Nimeshika picha kadhaa za aina hiyo. Nyuma kuna jina la aliyeshika kamera. Mbele yuko mtu akitabasamu, naye ameitwa "mfanyakazi" tu.

Mali ya Abdulla

Haki ya mtunzi hailindi picha peke yake, nami nabandika vitambaa kuliko kitu kingine chochote. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ya upande wetu, kutoka Kabalo hadi Albertville, kama mji huu ulivyoitwa, ilimalizika mwaka 1915. Tangu hapo nguo zimevuka ziwa kwa marobota, na kanga za Mombasa zilikuwamo.

Bibi yangu alikuwa na kanga iliyochapwa maneno "Mali ya Abdulla". Nilipokuwa mtoto niliamini Abdulla ni mwanaume aliyewahi kumchumbia. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba Abdulla ni jina alilojulikana nalo mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, na kwamba herufi K.H.E. na maneno yale ni alama ya mwenye mchoro. Mfanyabiashara yule aliandika madai yake kwa Kiswahili, juu ya kitambaa chenyewe, mahali ambapo kila mvaaji angeyabeba. Hakuna muhuri wa Congopresse uliosomwa na watu wengi namna hiyo.

Albertville nayo ilipata kiwanda chake cha nguo, Filtisaf, baada ya vita. Pamba ililimwa huku, ikasokotwa na kufumwa huku, na wazee wengi wa mji huu walilipwa mshahara wao wa kwanza pale. Leo kimebaki majengo na kutu. Nina vipande vya nguo ambavyo wenyewe wananiambia vilitoka pale, na sina jina la hata mtu mmoja aliyechora maua yake.

Kutoka kwa Abdulla nimejifunza desturi moja ya kazi. Nikikata kitenge chenye maandishi ukingoni, sitoi ukingo. Naubandika pamoja na maua, hata kama unaharibu mpangilio. Mtazamaji akitaka kujua mchoro ni wa nani, aanzie hapo.

Mtu asiye na siku ya kufa

Katanga ya rangi na turubai ilikuwa na sheria yake bila karatasi. Katika miaka ya 1970, ukiingia sebule ya mfanyakazi wa mgodi au wa reli, ungekuta picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini, au ile ya bendera ya koloni na mfungwa anayechapwa fimbo. Wachoraji wengi walizichora. Mmoja akichora, mwenziwe anatazama, anachora yake. Hakuna aliyemshtaki mwenzake. Mchoraji aliulizwa swali jingine: yako ina nini ambacho ya fulani haina? Kuiga kulikuwa kuingia darasani, na kuongeza chako kulikuwa kulipa ada.

Kati ya hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, na alimweleza mtafiti Johannes Fabian picha zake moja moja, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kinasa sauti kikizunguka. Picha 101 za historia hiyo zilitoka katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba hakukiona. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 hakuna anayejua aliko wala alikofia.

Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni fumbo gumu. Sheria ya watunzi huanza kuhesabu miaka tangu kifo cha mtunzi, na Tshibumba hana siku ya kufa. Anayetaka kubandika kipande cha picha yake leo atampigia nani hodi? Nilikuwa na ukurasa uliochanwa kutoka gazeti, wenye picha yake ya Lumumba. Niliushika miaka miwili. Mwishoni niliurudisha ndani ya bahasha, nikaandika juu: "Mwenyewe bado hajarudi."

Hesabu ya makaburi

Nchi yetu inahesabiwa katika mkataba wa Berne tangu 1963. Shirika la kwanza la kukusanya haki za watunzi, SONECA, liliundwa 1969. Tarehe 5 Aprili 1986, miaka 100 na siku 14 baada ya ile sheria ya Brussels, Zaire, kama nchi hii ilivyoitwa wakati ule, ilipata sheria yake, ambayo kimsingi inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwaka 2011 SONECA ilirithiwa na SOCODA. Makao yake yako Kinshasa, na kutoka Kalemie hadi Kinshasa hakuna barabara ya kumfikisha fundi mwenye karatasi mkononi. Wanamuziki ndio wanaolitaja zaidi shirika hilo. Mafundi wa rangi na gundi tunalisikia redioni.

Ubelgiji, kama nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, inahesabu miaka 70. Kwa hiyo mtu wa kazi yangu analazimika kuwa mtu wa makaburi. Zagourski alikufa 1944: kwetu, kwa hesabu hiyo ya miaka 50, alikuwa huru baada ya 1994, kwao baada ya 2014. Padri Stefano Kaoze, mtoto wa mwambao huu, ambaye maandishi yake juu ya fikra za Wabantu yalichapwa Ubelgiji tangu 1910, na ambaye mwaka 1917 alipata upadri wa kwanza wa Mkongo katika zama hizi, alikufa 1951. Maneno yake yalikuwa huru kwetu baada ya 2001, kwao baada ya 2021. Hergé, baba yake Tintin wa katuni, alikufa 1983. Mteja mmoja, mgeni, alitaka nimbandike Tintin ameketi juu ya winchi ya bandari yetu. Nilimwambia arudi 2034, na asiichukue picha hiyo kwenda Brussels kabla ya 2054. Alidhani natania.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanalikosea, na mimi nililikosea kwa gunia zima. Anayemiliki karatasi hamiliki haki. Kadi-posta niliyonunua kwa pesa yangu ni yangu kuiweka ukutani. Nikiipiga skani na kuchapa nakala 20, nimeingia katika nyumba ya mtunzi au warithi wake. Na nikiikata kichwa, nikaipaka nyekundu, nimegusa haki nyingine, ile ya mtunzi kutoharibiwa kazi yake, hata kama nilinunua.

Nilionja dawa hiyo mwenyewe. Mfanyakazi wa shirika moja lililokuwa hapa alinunua kazi yangu, boti tatu na nyavu za vitambaa. Mwaka uliofuata niliikuta imechapwa kwenye kalenda, ukurasa wa Agosti, bila jina langu, na boti moja imekatwa ili nembo ipate nafasi. Nilikasirika wiki nzima. Siku ya nane nilikumbuka kidole cha yule mama, hasira ikapungua.

Picha ya watu wa Picha

Njia ya kutoka nilioneshwa na vijana wa Lubumbashi. Sammy Baloji, aliyezaliwa huko 1978, alichukua picha za zamani za hifadhi ya kampuni ya madini ya Gécamines, wafanyakazi wa mgodi na mabwana wao, akawasimamisha mbele ya picha alizopiga mwenyewe za mitambo iliyokufa. Aliuita mfululizo huo wa 2006 *Mémoire*, yaani kumbukumbu. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha maonyesho ya Lubumbashi chini ya chama walichokiita kwa neno letu, Picha.

Kisha 2011, yeye na mwandishi Patrick Mudekereza walionyesha Tervuren kazi waliyoifanya ndani ya hifadhi ya makumbusho yenyewe. Baloji alichukua watu waliopigwa picha na Michel katika ule msafara wa Lemaire, akawaweka juu ya mandhari ya rangi za maji ya Dardenne. Mmojawapo ni chifu Kalamata. Dardenne alikufa 1912, na haki zake zimekwisha zamani. Naona kazi ya namna hii inadai hodi mbili. Ya kwanza, kwa mlinzi wa sanduku, yaani hifadhi inayotunza picha, ilipigwa mlangoni. Ya pili, kwa waliomo ndani ya picha, Baloji aliipiga kwa njia ya fundi: aliwatoa kwenye safu ya vielelezo akawarudishia nchi nyuma yao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kubandika kunaweza kuwa heshima, kama mkono unajua unamgusa nani.

Basi leo nafanya hivi. Nikiitaka picha iliyo katika hifadhi, naandika barua. Nataja namba ya picha, ukubwa nitakaoutumia, kama nitaikata au kuipaka, nakala ngapi, itaonyeshwa wapi, itauzwa au la. Nauliza pia mpiga picha ni nani na alikufa lini, maana mlinzi wa sanduku mara nyingine si mwenye haki, na malipo anayoomba ni ya kukutolea nakala tu. Jibu naligundisha nyuma ya ubao wa kazi yenyewe, ili vitu hivyo viwili visitengane.

Kisha naipeleka picha mtaani. Naenda nayo Kataki, naenda kwa wastaafu wa reli, nangoja watu watoke misa. Nauliza: mnamjua huyu? Mara nyingi hawamjui. Mara chache mzee anavaa miwani, ananyamaza, kisha anataja jina, na jina linakuja na kabila, mke, na deni ambalo hakulipa. Wakikataa, sibandiki. Wamekataa mara mbili, na kazi hizo mbili sikuzifanya.

Na yule mama? Hakudai pesa. Alivuta kiti, tukazungumza hadi jua likashuka upande wa mlima. Aliniambia jina la mama yake, na kwamba siku ile ya studio alivaa viatu vya kuazima. Aliniomba jambo moja: nimtoe karani. Nikachukua maji ya moto na kisu, nikambandua taratibu mbele yake. Palipokuwa na karani pamebaki alama ya gundi, kahawia, umbo la mtu. Akaitazama, akasema: "Hapo acha. Baba alikuwa ziwani." Kazi hiyo haiuzwi. Iko sebuleni kwake.

Miaka hii maji ya ziwa yamepanda, yameingia bandarini na ndani ya nyumba za watu, na masanduku ya picha yamelowa pamoja na magodoro. Kwa hiyo nina ombi kwako unayesoma. Leo jioni zitoe picha za nyumbani kwenu. Geuza kila moja, andika jina la aliyemo, na la aliyepiga kama unalijua, na mwaka. Andika kwa penseli. Wino wa aina nyingi hukimbia ukilowa, penseli hubaki.